Takataka zisizo na jina

Leo tuzungumze kuhusu takataka. Si zile zinazosubiri gari la manispaa mtaani kwenu. Ninazozisema mimi huzaliwa ndani ya kompyuta, kila mara mtengeneza programu anapoiamuru mashine yake: jenga upya.

Najua wengine mmeshaanza kukunja uso. "Huyu kaishiwa habari?" Hapana, nisikilizeni kwanza. Nina marafiki wengi wanaotengeneza programu, na tukikaa kijiweni, baada ya siasa na baada ya Simba na Yanga, mazungumzo yao huishia kwenye kilio kilekile: diski imejaa. Seva ilikuwa na nafasi tele, hakuna aliyeweka filamu wala muziki, na bado imejaa. Wao huandika amri moja, nafasi ikarudi, maisha yakaendelea.

Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi hii imenizoesha kuuliza swali la pili. Hizo gigabaiti zilitoka wapi? Na nani aliyeamua kwamba ni takataka? Nilipoanza kufuatilia nilijikuta nimerudi hadi mwaka 1960. Twende pamoja, taratibu.

Kwanza tuelewane maneno. Programu haiendi kwenye seva peke yake. Inahitaji lugha iliyoandikiwa, maktaba za msimbo ambazo wengine walishaandika, na faili za mipangilio, kila kimoja kikiwa cha toleo linalofaa. Zamani mtu alikuwa akiviweka kimoja kimoja kwa mkono, na kilichofanya kazi vizuri kwenye kompyuta yake kiligoma kikifika kwenye seva. Imeji ni furushi lenye vyote hivyo, lililofungwa likafungika. Halina uhusiano na picha za harusi. Ukiliamsha furushi hilo likaanza kazi, hicho kinachofanya kazi ndicho kinachoitwa kontena. Imeji moja inaweza kuzaa makontena kumi, kama vile kalibu moja inavyofyatua matofali kumi.

Jina lenyewe limetoka bandarini. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kuelekea Houston, ikiwa imebeba makontena 58. Mwenye wazo alikuwa Malcom McLean, tajiri wa malori aliyechoka kuona mizigo ikipakiwa na kupakuliwa gunia kwa gunia. Usifungue mzigo, nyanyua sanduku zima! Aliyekulia Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini mtu wa pwani anajua pia sehemu ya pili ya hadithi, ambayo vitabu vya biashara huipita haraka. Sanduku likishatoa mzigo halipotei. Linabaki pale. Siku moja unaliona limekuwa duka la vocha, siku nyingine ofisi ya fundi simu. Wataalamu wa kompyuta waliporithi jina la kontena, wakarithi na tabia hiyo.

Historia ya kontena la kompyuta ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1979, katika toleo la 7 la Unix, iliingizwa amri ya chroot, iliyoweza kuifungia programu ndani ya kona moja ya diski ikadhani hiyo ndiyo dunia nzima. Mwaka 2000 watu wa FreeBSD waliijengea kona hiyo kuta imara zaidi, wakaiita jela. Mwaka 2006 wahandisi wa Google walianza kazi ya kuipimia kila programu sehemu yake ya kumbukumbu na nguvu za mashine, na kazi hiyo ikaingia kwenye kerneli ya Linux toleo 2.6.24, Januari 2008. Vyumba vilikuwepo, basi. Ila vilikuwa vya mafundi wachache wenye funguo.

Mwezi Machi 2013, Solomon Hykes, kiongozi wa kampuni ndogo iitwayo dotCloud, alipanda jukwaani kwenye mkutano wa PyCon huko Santa Clara, California. Alipewa dakika tano tu. Alichoonyesha kiliitwa Docker. Mwezi huohuo programu hiyo ilitolewa kama programu huria, na kabla mwaka haujaisha kampuni yenyewe ilishabadili jina ikaitwa Docker. Bidhaa ilikuwa imeimeza kampuni.

Docker haikubuni chumba. Ilichofanya ni kurahisisha furushi. Unaandika faili fupi yenye maelekezo, unatoa amri ya docker build, na furushi linajengwa kwa matabaka. Chini kabisa ni mfumo endeshi, juu yake lugha, juu yake maktaba, na juu kabisa msimbo wako. Kila tabaka likishajengwa haliguswi tena. Ukibadili mstari mmoja wa msimbo, matabaka ya chini yanatumika yaleyale, linajengwa upya la juu tu. Kazi ya dakika kumi inakuwa ya sekunde kumi. Hapo ndipo dunia ilipoipenda.

Na hapohapo ndipo takataka zilipozaliwa.

Tuseme imeji yako inaitwa duka:latest. Umerekebisha kosa dogo, umejenga upya. Imeji mpya inalichukua lile jina la duka:latest. Ya zamani je? Haifutwi. Inavuliwa jina, basi. Ukiomba orodha utaiona bado imekaa, na mahali palipokuwa na jina pameandikwa none, yaani hakuna. Wenyewe wanaiita imeji inayoning'inia. Ukijenga mara 20 kwa siku, na kila mara matabaka mapya yakawa na megabaiti 200, umeacha gigabaiti 4 kabla ya jua kuzama. Siku tano za kazi, gigabaiti 20. Na wewe ulidhani unabadili mistari michache!

Swali la haki: kwa nini mashine isiifute ile ya zamani papo hapo? Kwa sababu haijui unachokusudia. Huenda kuna kontena linaloendelea kufanya kazi kutokana na imeji hiyo. Huenda matabaka yake yatahitajika kwenye ujenzi unaofuata. Huenda toleo jipya ni bovu, na baada ya nusu saa utaitafuta ile ya zamani kwa machozi.

Sisi wa magazeti tunaijua hali hii. Gazeti la leo halilifuti la jana, linaliondoa tu kwenye meza ya muuzaji. Lile la jana linaenda kufungia maandazi, au linaenda kukaa kwenye kabati la maktaba miaka 50. Ni karatasi ileile na wino uleule. Aliyeamua lipi liende wapi si gazeti lenyewe.

Sasa turudi mwaka 1960, kwa sababu huko ndiko jibu la kwanza la tatizo hili lilikotoka. Katika chuo cha MIT, Marekani, John McCarthy na wenzake walikuwa wakitengeneza lugha ya Lisp kwenye kompyuta ya IBM 704. Programu za Lisp zilikuwa zinaumba vitu vingi vidogo kwenye kumbukumbu, zikivitumia kidogo na kuviacha. Kumbukumbu ikajaa. McCarthy hakutaka mtengeneza programu ahangaike kufuta kimoja kimoja, hivyo akaielekeza mashine ifagie yenyewe. Makala yake iliyochapishwa Aprili 1960 inaeleza njia hiyo, ingawa jina la ukusanyaji takataka, ambalo tayari walikuwa wakilitumia wenyewe kwa wenyewe, halimo. Miaka mingi baadaye alieleza kwa utani kwamba aliona soni kuliandika.

Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe ambacho kimenichekesha sana. Walikuwa wanaionyesha Lisp kwa wageni kutoka viwandani. Mambo yalikwenda vizuri, polepole, mara mashine ya kuchapa ikaanza kulia, herufi kumi kwa sekunde, ikitangaza kwa heshima zote kwamba mkusanya takataka ameitwa, na kwamba takwimu kadhaa za kuvutia zinafuata. Ikaendelea kuchapa takwimu hizo huku wageni wakicheka. Wengine walidhani kuna mtu anawafanyia mzaha.

Lakini ujanja wa McCarthy haukuwa mzaha. Alisema hivi: usitafute takataka, tafuta kinachohitajika. Anza na majina ambayo programu bado inayatumia. Fuata kila kitu ambacho majina hayo yanakielekezea kidole, kisha kila kitu ambacho vitu hivyo vinakielekezea, hadi mwisho wa uzi. Vyote ulivyovigusa, viwekee alama. Ambacho hukukifikia ni takataka.

Tazama vizuri alichokifanya. Mashine haiulizi kama kitu kina thamani. Inauliza tu kama kuna anayekielekezea kidole. Hadi leo hakuna mashine iliyopata swali bora zaidi ya hilo, na matatizo yote ya kufagia Docker yametoka humo.

Miaka ya mwanzo Docker haikuja na ufagio. Watu walijitengenezea wenyewe. Walikuwa wanaunganisha amri mbili, moja ya kuorodhesha imeji zinazoning'inia na nyingine ya kuzifuta, kisha wanapeana mstari huo kama dawa ya kienyeji. Spotify, kampuni ya muziki, ilitoa hadharani hati yake iitwayo docker-gc. Hiyo iliyapa makontena yaliyosimama muda wa saa moja, kisha ikayafuta, na kuzifuta imeji zilizobaki bila kontena. Mwezi Februari 2016, toleo la 1.10 la Docker lilizipa imeji utambulisho mpya unaokokotolewa kutokana na vilivyomo ndani yake, kama alama ya vidole. Kwa hiyo imeji ile isiyo na jina si kwamba haina utambulisho. Inao, mrefu wa herufi na tarakimu 64. Ni binadamu tu ndiye aliyeacha kuiita.

Mwezi Januari 2017, katika toleo la 1.13, ufagio rasmi ulifika: docker system prune. Neno hilo la mwisho ni la wakulima. Ni kupogoa, kama mkulima wa Kilimanjaro anavyopogoa mibuni yake ili matawi yaliyochoka yaache kunyonya mti. Pamoja nayo ilikuja amri ya kupima, docker system df, inayokuonyesha nafasi imekwenda wapi kabla hujakata chochote.

Watu walishangilia. Sasa angalia kilichokuwa kimejificha.

Mbali na imeji na makontena, Docker ina kitu kinachoitwa voliumu. Hicho ndicho ghala. Kontena huja na kuondoka, lakini taarifa za wateja wako, oda zao na malipo yao hukaa kwenye voliumu. Katika matoleo yale ya kwanza, amri ya kupogoa ilifuta pia voliumu zote ambazo hakuna kontena linalozitumia. Inaonekana ni haki, sivyo? Ila fuata uzi kama alivyofundisha McCarthy. Tuseme umesimamisha hifadhidata jana usiku kwa matengenezo. Asubuhi unapogoa. Hatua ya kwanza inafuta makontena yaliyosimama, na la hifadhidata likiwemo. Likishaondoka, voliumu yake haina tena wa kuielekezea kidole. Hatua inayofuata, nayo inafutwa. Mashine haikukosea hata hatua moja. Ilitoa hata onyo, ikauliza ndiyo au hapana. Lakini niambieni ukweli, ni nani anayesoma maonyo diski ikiwa imejaa na bosi yuko mlangoni?

Kuanzia toleo la 17.06.1, mwaka huohuo wa 2017, tabia hiyo iliondolewa. Ukitaka voliumu zifutwe ni lazima uongeze neno lake kwa makusudi. Kisha Februari 2023, katika toleo la 23.0, wakasogea tena: amri ya kufuta voliumu peke yake, usipoiongezea kitu, inafuta zile tu ambazo hukuzipa jina. Uliyoipa jina inaachwa. Mimi naona hapo ndipo historia hii ilipokomaa. Mashine bado haijui thamani, lakini imekubali kwamba binadamu akijisumbua kukipa kitu jina, huenda ana sababu.

Msidhani haya ni ya Docker peke yake. Mwaka 2009 shirika la NASA lilieleza matokeo ya kuzitafuta kanda asilia za mawasiliano ya Apollo 11, zile zilizonasa picha za binadamu wa kwanza mwezini mwaka 1969 zikiwa safi kuliko zilizorushwa kwenye televisheni. Hitimisho lilikuwa kwamba kuna uwezekano mkubwa zilifutwa na kutumika tena, wakati shirika likiwa na uhaba wa kanda. Picha za televisheni zilinusurika. Kanda bora hazikunusurika, kwa sababu siku hiyo zilionekana ni kanda tu.

Upande wa pili nao una hoja yake. Agosti 2020 kampuni ya Docker ilitangaza kwamba ghala lake la mtandaoni, Docker Hub, lina imeji za petabaiti 15, na kwamba zaidi ya petabaiti 10 kati ya hizo hazikuwa zimechukuliwa na mtu yeyote kwa zaidi ya miezi 6. Petabaiti moja ni gigabaiti milioni 1. Theluthi mbili za ghala, zimelala! Ikasema itafuta imeji za akaunti za bure zilizolala muda huo. Watafiti wakapiga kelele, kwa sababu imeji ya utafiti wa miaka mitatu iliyopita hulala hadi siku mtu anapotaka kuhakiki matokeo. Siku hiyo ndiyo pekee inayohitajika, na inahitajika kweli. Kampuni iliahirisha mpango ule. Kulipia kisichotumika ni hasara, na kukifuta kunaweza kuwa hasara kubwa zaidi.

Sasa tuje kwetu. Ushauri unaoupata mtandaoni mara nyingi ni mmoja: weka -a mwishoni mwa amri, futa kila imeji isiyo na kontena, utaipakua tena ukiihitaji. Aliyeandika ushauri huo huenda anakaa mahali ambapo intaneti ni kama maji ya bomba. Wewe unayetumia bando la simu unajua kwamba kupakua tena ni pesa, tena ni usiku wa kusubiri. Isitoshe, tangu Novemba 2020 Docker Hub iliweka kikomo cha kupakua, na wasiojisajili walipewa mara 100 kwa kila saa 6 kwa anwani moja ya intaneti. Kampuni za simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja. Unaweza kukuta kikomo kimeshaliwa na watu usiowajua.

Kwa hiyo, kwa niliyoyaokota kwa marafiki zangu na kwenye maandishi ya Docker wenyewe: anza na docker system df, uone tatizo liko wapi. Kisha docker image prune bila nyongeza, ambayo inagusa zile zinazoning'inia tu na kuziacha imeji za msingi ulizozipakua kwa bando lako. Ukitaka tahadhari zaidi, kuna kichujio cha until, ambacho huacha salama vilivyotengenezwa karibuni, mathubutu ndani ya saa 24. Tangu mwaka 2023 injini mpya ya ujenzi, BuildKit, ndiyo inayotumika kwenye Linux usipochagua nyingine, na sehemu kubwa ya mabaki imehamia kwenye akiba yake. Huko ufagio wake ni docker builder prune. Na voliumu usiziguse ukiwa na haraka.

Ila yote hayo ni ya baada ya vita. La kabla ni kuacha kuita kila kitu latest. Imeji iliyokwenda kwa wateja iwe na jina lake la kudumu, duka:1.4 au duka:2024-03-11, upendavyo, na jina hilo lisihamishiwe nyingine kamwe. Hapo amri ya kupogoa vinavyoning'inia haitaigusa, na kijana atakayerithi seva baada yako ataelewa nini kilikuwa nini. Zile 19 za majaribio ya mchana mzima ziache bila jina, zife kwa amani.

Nimewaandikia haya ninyi msiogusa seva pia. Kwenye simu zenu, kwenye makabati ya ofisi za serikali, kwenye vyumba vya magazeti yetu, kuna mtu kila siku anaambiwa nafasi imejaa, ondoa visivyotumika. Atafanya kama mashine ya McCarthy: ataangalia kama kuna anayekiulizia kitu, akikuta hayupo atakitupa. Hatakuwa na ubaya. Atakuwa anafagia tu. Kwa hiyo kama kuna kitu unajua kina thamani, kipe jina leo, kiandike mahali, mwambie mtu wa pili.

Haya, mafundi, uwanja ni wenu. Nilipokosea nirekebisheni. Na ambaye diski yake imejaa sasa hivi, asome onyo kwanza kabla ya kubonyeza ndiyo.